Kabla binti hajaacha shule kwa ajili ya mpira



Jumamosi iliyopita, tulipomaliza kuhesabu likelemba na kila mmoja akakunja kitenge chake tayari kwenda, mama mmoja wa kikundi chetu cha Katuba alibaki amekaa kwenye benchi. Alingoja wengine watoke, kisha akaniambia: "Mama, nina neno. Binti yangu anataka kuacha shule."

Jina lake sitaliandika. Ameniruhusu kuandika habari yenyewe, kwa sababu anajua hayuko peke yake. Binti yake yuko tatu ya humanite, umebaki mwaka mmoja tu afanye Exetat. Anacheza mpira wa miguu, na anaucheza kweli. Vijana wa mtaa wanasimamisha mchezo wao ili wamtazame. Mwezi uliopita alifika bwana mmoja nyumbani, akasema amekiona kipaji cha binti, kwamba kuna ekipe nje ya nchi inayotafuta wasichana kama yeye. Lakini inabidi aanze mazoezi ya asubuhi na mchana kila siku, na shule "itamchelewesha". Akaomba pia dolari 200 za paspoti na makaratasi.

Papa wa mtoto amefurahi sana, anaona taabu imekwisha. Binti ameacha kufungua daftari. Mama analala macho wazi.

"Nikimkataza," akaniambia, "kesho atasema ni mimi niliyemfungia mlango. Nikimruhusu na njia ikakatika, ni mimi nitakayeulizwa diploma iko wapi."

Nilimwambia sina jibu la haraka, nitalitafuta na kuliandika hapa. Ndilo hili.

Kwanza tuseme wazi: mchezo unaweza kuwa kazi ya mwanamke. Zamani tuliona ni mambo ya kuchafua nguo tu. Leo sote tumeona wasichana wa TP Mazembe, ambao mwaka 2024 walichukua kombe la Afrika la vilabu vya wanawake huko Morocco. Mama anayesema "mpira si kitu" hatasikilizwa tena na binti yake, na atakuwa amekosea. Swali ni njia. Mtoto anatoka wapi, anapita wapi, na nani anamshika mkono mpaka mchezo uanze kumlisha?

Ili tuone njia hiyo vizuri, nataka tutoke kidogo kwenye mpira wa miguu. Nimechagua mchezo wa gofu, kwa sababu huko njia ya msichana kutoka chuo kikuu mpaka kucheza kwa mshahara ina ngazi zinazoonekana, na wanawake waliopita huko habari zao zinajulikana. Sisi wa Lubumbashi jina hilo tunalijua: tuna mtaa mzima unaoitwa Golf. Wengi wetu tumepita pembeni ya uwanja wake tukienda kuuza au kufulia watu, bila kujua wale wenye fimbo wanafanya nini.

Wanafanya hivi. Mchezaji ana mpira mdogo kama yai la kwale, na fimbo za namna mbalimbali. Anapiga mpira kutoka mahali pa kuanzia mpaka uingie katika shimo dogo lililo mbali. Mashimo ni 18. Anayemaliza kwa mapigo machache ndiye mshindi. Mashindano makubwa huchukua siku tatu au nne, na kila pigo linahesabiwa. Hakuna wa kukupasia mpira, hakuna wa kukufichia kosa.

Sasa niwape habari ya binti mmoja anayeitwa Lorena Ochoa.

BINTI WA GUADALAJARA

Lorena alizaliwa tarehe 15 Novemba 1981 katika mji wa Guadalajara, huko Meksiko. Baba yake alikuwa mtu wa biashara ya nyumba na viwanja, mama yake msanii. Nyumba yao ilikuwa karibu kabisa na klabu ya gofu. Tusidanganyane: hakuwa mtoto wa masikini. Gofu ni mchezo wa gharama, na yeye alizaliwa kando ya uwanja. Ninasema hivyo mapema ili mama asiseme moyoni, "Kumbe ningejitahidi tu, wangu naye angefika." Jitihada ya mama ni kubwa, lakini uwanja ulio karibu na nyumba nao ni mali.

Alianza kushika fimbo akiwa na miaka 5. Umri huohuo alianguka kutoka juu ya mti akavunjika viganja vyote viwili, kwenye kifundo. Alipona, akarudi kucheza. Alipofika miaka 6 alishinda mashindano ya jimbo, miaka 7 akashinda ya taifa. Akiwa bado binti mdogo alimwambia mwalimu wake wa gofu, Rafael Alarcón, kwamba anataka kuwa wa kwanza duniani. Mwalimu hakumcheka, wala hakumwambia aache shule. Alimfundisha, na Lorena akaendelea na masomo mpaka akamaliza sekondari.

Mwaka 2000 akapata bursi ya Chuo Kikuu cha Arizona, mjini Tucson, Marekani. Bursi, ni kusema chuo kinamlipia masomo kwa sababu anachezea ekipe ya chuo. Hapa ni lazima tusimame kidogo, kwa kuwa bursi hizo hazikuanguka kutoka mbinguni.

Huko Marekani vyuo vilikuwa vinawapa wavulana karibu kila kitu: viwanja, makocha, bursi. Wasichana walibaki na makombo. Mwaka 1972 ikatoka sheria iliyosema kwamba shule inayopokea fedha za serikali isimbague mtu kwa sababu ni mwanamke au mwanaume. Sheria hiyo iligusa masomo yote, na michezo ikiwemo. Polepole vyuo vikaanza kuwa na ekipe za wasichana na bursi za wasichana. Mashindano makubwa ya gofu ya wanawake ya vyuo, chini ya chama kinachosimamia michezo ya vyuo, yalianza mwaka 1982. Lorena alikuwa bado mtoto mchanga wakati huo. Alipokua, mlango ulikuwa umekwisha kufunguliwa na wanawake waliomtangulia. Wamama wa vikundi, tulishike hilo: kipaji cha mtoto mmoja kinapita penye mlango uliosukumwa na wengi.

Basi Lorena akafika Tucson. Kingereza chake kilikuwa kidogo, familia yake ilikuwa mbali, na masomo ni ya kweli. Katika vyuo vya kule, mwanafunzi anayeshindwa masomo hachezi. Asubuhi darasa, mchana uwanja, usiku vitabu katika lugha ya kigeni.

Na alicheza namna gani? Katika miaka miwili aliingia mashindano 20 ya vyuo, akashinda 12. Mwaka wa pili peke yake alishinda 8 kati ya 10, na 7 kati ya hayo yalifuatana moja baada ya jingine. Alitajwa mchezaji bora wa vyuo mwaka 2001 na tena mwaka 2002. Hata hivyo kombe kubwa la mwisho, lile la vyuo vyote vya taifa, hakulichukua. Mwaka 2001 alikuwa wa pili, na mwaka 2002 akawa wa pili tena.

Sasa nisikilizeni vizuri. Kwa ushindi ule wote 12, hakupokea zawadi ya fedha hata mara moja. Sheria ya wanafunzi ilikuwa hiyo: chuo kinakulipia masomo, lakini hupokei fedha za mashindano. Siku unapochukua fedha hizo, umekuwa mchezaji wa kulipwa, na hurudi tena kuchezea ekipe ya chuo. Ni kama kuvuka mto kwa mtumbwi ambao haurudi.

HATUA YA KUTOKA

Mwaka 2002, baada ya miaka miwili ya chuo, Lorena aliamua kuvuka. Aliacha chuo kabla ya kumaliza. Najua kuna binti atakayeruka juu akisoma hapa: "Mama, unaona? Naye aliacha!" Ndiyo, aliacha. Tuangalie aliacha akiwa na nini mkononi.

Alikuwa amemaliza sekondari. Alikuwa amesoma chuo miaka miwili. Alikuwa amepimwa mbele ya wasichana bora wa vyuo vya Marekani mara 20, na mara 12 wote walibaki nyuma yake. Hakutegemea neno la mtu aliyepita nyumbani akasema "nimeona kipaji". Alikuwa na hesabu iliyoandikwa. Na nyuma yake kulikuwa na familia iliyoweza kumbeba kama mambo yangekwenda vibaya. Kaka yake Alejandro baadaye ndiye aliyekuwa msimamizi wa kazi zake, kwa hiyo mikataba haikupita katika mikono ya mgeni.

Na hata hivyo hakuruka moja kwa moja mpaka juu. Chama kikubwa cha wanawake wanaocheza gofu kwa kulipwa kinaitwa LPGA. Kilianzishwa na wanawake 13 mwaka 1950. Huingii humo kwa sababu unajulikana; lazima upate kadi, na kadi ina mashindano yake. Chini ya LPGA kulikuwa na ligi ndogo iliyoitwa Futures Tour, ya wasichana wanaoitafuta kadi hiyo. Zawadi zake zilikuwa ndogo. Wengi walisafiri kwa gari kutoka mji hadi mji, na mara nyingi walilala katika nyumba za jamaa waliokubali kuwapokea. Huko ndiko Lorena alikoanzia. Mchezaji bora wa vyuo, mtu aliyepokelewa na rais wa nchi yake na kupewa tuzo ya taifa ya michezo mwaka 2001, alikwenda kucheza na wale wanaotafuta nafasi.

Alicheza mashindano 10, akashinda 3, akamaliza wa kwanza katika orodha ya fedha. Hivyo akapata kadi ya mwaka 2003. Mwaka huo LPGA ikamtaja mchezaji bora kati ya wageni. Mwaka 2004 akashinda mara ya kwanza katika ligi kubwa.

Na mahesabu ya ligi kubwa yenyewe yakoje? Mchezaji wa gofu hana mshahara wa mwisho wa mwezi. Analipa safari yake, chakula chake, mahali pa kulala, na mtu wa kumbebea fimbo. Katika mashindano mengi, baada ya siku mbili wanakata orodha: walio chini wanarudi nyumbani bila zawadi. Ni kama mama aliyekodi kamiyo kupeleka mahindi sokoni, akakuta soko limejaa. Gharama ya kamiyo iko palepale. Ndiyo maana wengi wenye kipaji wanaishia njiani. Mkono wao hauna kasoro. Mfuko ndio unaokauka kabla ya ushindi kufika.

SIKU YA MAJI

Kuna siku moja ya Lorena ambayo ningependa kila binti aijue. Ilikuwa mwaka 2005, katika mashindano makubwa ya wanawake ya Marekani, karibu na mji wa Denver. Siku ya mwisho alicheza vizuri sana, akafika shimo la 18 akiwa bado na nafasi ya kushinda. Shimo hilo hupangiwa mapigo 4. Akapiga pigo la kwanza, mpira ukaenda kushoto ukatumbukia majini. Alimaliza shimo lile kwa mapigo 8. Ushindi ukapotea mbele ya macho ya watu wote.

Aliinuka. Mwaka 2006 alitajwa mchezaji bora wa mwaka. Mwezi wa Aprili 2007 akawa wa kwanza duniani, na nafasi hiyo hakuiachia mpaka alipoacha mchezo mwaka 2010. Mwezi wa Agosti 2007 alishinda mashindano makubwa ya Uingereza, yaliyochezwa St Andrews huko Scotland, katika uwanja ambao watu wa gofu wanauheshimu kama mahali mchezo ulipozaliwa. Ilikuwa mara ya kwanza wanawake wa kulipwa kucheza mashindano yao hapo. Mwaka huohuo akawa mwanamke wa kwanza katika LPGA kupata zaidi ya dolari milioni 4 kwa zawadi za mwaka mmoja.

Lakini watu wa kwao wanamkumbuka pia kwa jambo jingine. Katika viwanja vingi vya gofu vya Marekani, wanaokata majani na kusawazisha mchanga ni watu kutoka Meksiko. Lorena alizoea kwenda kuwaona nyuma ya uwanja, akawasalimia kwa lugha yao, akala nao. Siku ya mashindano nao walisimama kumtazama. Alianzisha pia mfuko wa kusaidia, na huko Guadalajara mfuko huo unasimamia shule ya watoto wa familia zisizo na uwezo. Yeye aliyeacha chuo, fedha zake alizipeleka shuleni. Mimi nimelifikiri jambo hilo mara nyingi.

Mwaka 2010, akiwa na miaka 28 tu, na bado wa kwanza duniani, alisema inatosha. Alikuwa ameolewa miezi michache kabla. Alikuwa na ushindi 27 wa LPGA. Alirudi kwao, akazaa watoto watatu. Aliingia kwa hesabu, akatoka kwa hiari yake mwenyewe.

WENGINE WAWILI

Ili msiseme ni habari ya mtu mmoja, nitawagusia wengine wawili kwa ufupi.

Annika Sörenstam, wa Sweden, alisoma chuo kilekile cha Arizona kabla ya Lorena. Mwaka 1991, katika mwaka wake wa kwanza, alishinda lile kombe la vyuo vyote ambalo Lorena hakulipata. Mwaka 1992 akaenda kucheza kwa kulipwa. Alipojaribu kupata kadi ya LPGA, aliikosa kwa pigo moja. Pigo moja tu! Hakukaa kulia Marekani. Alikwenda kucheza katika ligi ya Ulaya mwaka 1993, akajifunza, akaingia LPGA mwaka 1994. Mwisho wa safari alikuwa na ushindi 72. Bingwa wa vyuo alikosa mlango mara ya kwanza, lakini alikuwa na mlango mwingine wa kuingilia.

Wa pili ni Rose Zhang, Mmarekani, mtoto wa wazazi waliotoka China. Alisoma Chuo Kikuu cha Stanford, akashinda kombe la vyuo vyote mara mbili, mwaka 2022 na 2023. Hakuna mwanamke aliyekuwa amefanya hivyo kabla yake. Mwisho wa Mei 2023 akawa mchezaji wa kulipwa, na tarehe 4 Juni 2023 akashinda mashindano yake ya kwanza kabisa. Tangu mwaka 1951 hakuna mwanamke aliyeshinda hivyo mara ya kwanza katika LPGA. Fedha zikaja, jina likaja. Naye akafanya nini? Alirudi Stanford kukaa darasani, akasoma wakati wa baridi ambapo mashindano ni machache. Aliona kwamba mkono unaopiga mpira unaweza kuumia siku yoyote, na alichosoma mtu hakiumii.

Tazameni hao watatu. Wawili waliacha chuo, mmoja akaendelea kusoma huku anacheza. Lakini hakuna hata mmoja aliyeacha sekondari. Na hakuna aliyeinua mguu wa nyuma kabla ule wa mbele haujakanyaga mahali pagumu.

NILIYOMWAMBIA YULE MAMA

Nilirudi Katuba siku ya Jumatano. Tulikaa jikoni, mama, papa wa mtoto na binti mwenyewe, sufuria ya bukari ikiwa motoni. Niliwaambia habari ya Lorena kama nilivyowaandikia ninyi. Kisha nikawaomba wamwulize yule bwana mambo haya, na mimi nawapa ninyi pia, kwa kuwa mabwana wa namna hiyo wanapita mitaa mingi.

Moja: ekipe hiyo inaitwaje, iko mji gani, na nani mkubwa wake? Ekipe ya kweli ina jina, na jina linaweza kuulizwa kwenye chama cha mpira.

Mbili: barua iko wapi? Chuo kinachotoa bursi, au klabu inayotaka mchezaji, huandika kwa jina lake na kutia sahihi. Maneno ya mdomo hayavuki mpaka.

Tatu: kwa nini fedha zinatoka kwetu kwenda kwake? Anayetaka kipaji cha mtoto ndiye anayepaswa kuonyesha fedha. Paspoti mzazi huenda kuiomba mwenyewe ofisini, na anaitunza mwenyewe nyumbani.

Nne: binti amepimwa wapi? Kuwashinda wasichana wa mtaa ni mwanzo mzuri. Je, amecheza katika ligi? Mara ngapi? Hesabu iko wapi?

Tano: akiumia goti mwezi wa kwanza, nani anamtibu na nani anamrudisha?

Sita: kwa nini shule imchelewesha, wakati wale wanaotoa bursi wanaomba hasa diploma?

Papa alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Hilo la sita sikulifikiri."

Binti naye akauliza swali lake, na lilikuwa swali la haki: "Mama, na kama nikimaliza shule kipaji kimekwisha pita?" Nilimjibu kwa hesabu. Lorena alianza kucheza kwa kulipwa akiwa na miaka 20. Rose alikuwa ametimiza miaka 20 juma lilelile. Annika alikuwa hata amepita hapo. Ni kweli, miguu ya mpira inachoka mapema kuliko mikono ya gofu, na sitaki kumdanganya mtoto. Lakini yeye ana miaka 17, na mwaka uliobaki kufika Exetat ni mmoja. Mwaka mmoja haumalizi kipaji. Diploma iliyoachwa ikiwa imebaki mwaka mmoja, hiyo mara nyingi hairudi. Ninalijua vizuri, kwa sababu mimi mwenyewe niliacha nikiwa mwaka wa mwisho ili nisaidie dukani "kwa miezi mitatu". Mpaka leo ninawasimulia tu.

Tukakubaliana hivi. Binti anaendelea na shule. Mazoezi ni saa kumi jioni siku nne za juma, na Jumamosi mechi. Kazi za nyumbani zimegawanywa upya: kaka zake wawili watachota maji siku hizo, maana binti akirudi uwanjani akute ndoo inamngoja, kitabu hakitafunguliwa. Mama atamtafutia ekipe yenye ligi, ili kipaji kipimwe na kuandikwa. Na papa atakwenda mwenyewe kumwuliza yule bwana yale maswali sita.

Papa alikwenda. Mpaka ninapoandika haya, yule bwana hajaleta jina la ekipe. Dolari 200 zimelipa minervali.

Binti hajafurahi sana, niseme ukweli. Ana huzuni ya mtu aliyekuwa ameona ndege angani. Lakini juzi mama yake aliniambia alimkuta usiku ana tochi ya simu, anasoma, na mpira uko chini ya miguu yake anauviringisha polepole. Mama hakusema kitu. Alifunga mlango, akaenda kulala, na safari hii alilala.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Katika mtaa wetu, wasichana wenye kipaji cha mchezo wanapata wapi mahali salama pa kuchezea, na saa ngapi?

2. Nyumbani kwangu, nani anafanya kazi za jioni? Binti ana saa ya kusoma na saa ya kucheza kama kaka yake?

3. Kikundi chetu kinaweza kumsaidia binti mmoja kumaliza diploma yake, hata kwa sehemu ya likelemba?

4. Mtu akija na ahadi ya safari, ni mama gani kati yetu tutakayemtuma kuuliza yale maswali sita pamoja na wazazi?

Leteni majibu yenu kwa mama prezida wa kikundi kabla ya Ijumaa. Juma lijalo, Mungu akipenda, tutaongea juu ya watoto wanaomaliza sekondari na kubaki nyumbani bila kazi.

Mbaki na amani.